Subira ya Mwalimu Fereshta: Kesi ya Mtandio Ujerumani



Ndugu msomaji, mwezi huu mtukufu mawaidha mengi tunayoyasikia ni ya subira, na ni sawa kabisa. Lakini wengi wetu, hasa sisi vijana, tumeizoea subira ya aina moja tu: mtu anakunyima haki yako, wewe unainamisha kichwa na kusema "Allah yuko". Leo nataka nikupe habari ya subira ya aina nyengine. Hii ni ya kwenda mahakamani, kushindwa, kukata rufaa, kushindwa tena na kukata rufaa nyengine. Mwenyewe ni dada yetu mmoja mwalimu, Fereshta Ludin.

Dada huyu alizaliwa Kabul, Afghanistan, mwaka 1972. Babake alikuwa mwanadiplomasia. Tangu 1987 akawa anaishi Ujerumani, na mwaka 1995 akapata uraia wa huko. Akasomea ualimu, akafanya mazoezi ya kufundisha katika jimbo la Baden-Württemberg, kusini magharibi mwa nchi, na mwaka 1998 akapasi mtihani wa mwisho. Masomo yake yalikuwa Kijerumani, Kiingereza, na elimu ya jamii na uchumi. Hebu fikiria, mtoto wa Kabul anawafundisha Wajerumani Kijerumani chao! Na wakati wote huo wa mazoezi alikuwa na mtandio wake kichwani.

Alipoomba kazi katika shule za serikali, ofisi ya elimu ya Stuttgart ikamkatalia. Sio kwa sababu ya alama za mtihani, la. Walisema yeye kama mtu hafai kwa kazi ile, kwa kuwa hakubali kuvua mtandio akiwa darasani. Walidai mtandio si wa dini tu, bali pia ni alama ya siasa, ya kujitenga na utamaduni wa nchi. Waziri wa elimu wa jimbo, Bi Annette Schavan, akasimama na uamuzi huo. Na ni waziri huyu huyu aliyekuwa amemruhusu kufanya mazoezi akiwa na mtandio, kwa hoja kwamba hata anayetaka kufundisha shule ya kibinafsi lazima apitie mafunzo ya serikali. Yaani kujifunza kazi ruhusa, kuifanya marufuku.

Angalia jambo hapa, ndugu msomaji. Pasi ya Ujerumani alikuwa nayo, lugha anaijua kiasi cha kuifundisha, na shahada ni ya kwao wenyewe. Lakini machoni mwao aliendelea kuwa mgeni, na mzozo mzima ukawa juu ya kitambaa. Sisi Kenya nasi tumeshuhudia kesi ya hijabu ikifika hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Januari 2019, ingawa ile ilihusu wanafunzi. Huyu alikuwa mwalimu anayetafuta riziki yake.

Basi Fereshta akashtaki. Mwaka 2000 akashindwa Stuttgart. Mwaka 2001 akashindwa kwenye rufaa huko Mannheim. Julai 2002 akashindwa mbele ya mahakama kuu ya shirikisho inayosikiza kesi za utumishi wa serikali. Miaka minne, mahakama tatu, na zote zimemwambia hapana. Wakati huo alikuwa anafundisha shule ya msingi ya Kiislamu ya kibinafsi mjini Berlin, maana kesi hailishi mtu. Mara ngapi umemuona mtu akiacha jambo baada ya kuambiwa hapana mara moja tu na karani wa ofisi?

Ikabaki Mahakama ya Katiba, iliyoko Karlsruhe. Kule majaji waliwasikiliza hata wataalamu, na hakukupatikana ushahidi kwamba mtandio wa mwalimu unawadhuru watoto. Tarehe 24 Septemba 2003 hukumu ikatoka, majaji watano dhidi ya watatu, Fereshta ameshinda!

Lakini usikimbilie takbiri. Hukumu ile ilikuwa na mlango wa nyuma. Majaji hawakusema kwamba mtandio hauwezi kukatazwa. Walisema hauwezi kukatazwa kwa barua ya ofisa, kwa sababu jambo linalogusa uhuru wa dini lazima liamuliwe na bunge kwa sheria iliyo wazi, na sheria hiyo izishike dini zote sawa. Jimbo halikuwa na sheria hiyo. Jimbo likafanya nini? Likaitunga. Aprili 2004, miezi sita tu baada ya hukumu, bunge la Baden-Württemberg likapitisha sheria ya kuwakataza walimu wa shule za serikali kuonyesha alama za dini. Juni mwaka huo huo kesi ya Fereshta ikarudi katika mahakama ile ya utumishi, ikapimwa kwa sheria mpya, na akashindwa. Kwa maoni yangu huu ndio uchungu wa kisa chote. Ushindi wake ndio uliowaonyesha wapinzani pale palipokuwa na pengo, wakaliziba.

Na hiyo "dini zote sawa" nayo ikapata dawa yake. Ndani ya sheria waliweka kifungu kwamba kuonyesha maadili na utamaduni wa Kikristo na wa Kimagharibi hakuhesabiwi kuwa ni kosa. Katika jimbo hilo hilo kulikuwa na masista wa Kikatoliki wanaofundisha shule ya serikali wakiwa na mavazi yao ya utawa. Nisieleweke vibaya, hao masista hawakuwa na tatizo lolote, na stara yao ni jambo la kuheshimiwa. Swali ni kwa nini kitambaa cha mmoja ni utamaduni na cha mwenzake ni siasa. Hata Rais wa Ujerumani wa wakati huo, Johannes Rau, ambaye alikuwa Mkristo mshika dini, alisema hadharani kwamba huwezi kuikataza alama ya dini moja ukaziacha za nyengine.

Moto ukaenea. Majimbo 8 kati ya 16 yakatunga sheria za namna hiyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2009 ilieleza walimu wa Kiislamu walioacha kazi, waliohama jimbo, na waliovua mtandio ili wasipoteze mshahara.

Ilichukua muda mpaka wengine wakaushika uzi pale alipouachia. Katika jimbo la North Rhine-Westphalia wanawake wawili Waislamu, mmoja mwalimu na mwengine mfanyakazi wa ustawi wa wanafunzi shuleni, walipeleka mashtaka yao mpaka Karlsruhe. Huyu wa pili alikuwa ameshauacha mtandio, akavaa bereti ya rangi ya waridi inayofunika nywele zake. Akapewa barua ya onyo kwa bereti! Tarehe 27 Januari 2015 Mahakama ya Katiba ikaamua, majaji sita dhidi ya wawili, kwamba kumkataza mwalimu mtandio kwa hofu tupu ni kinyume cha katiba. Lazima pawe na hatari ya kweli kwa amani ya shule. Na kile kifungu cha kuupendelea Ukristo, ambacho jimbo hilo pia lilikuwa nacho, kikatupwa nje.

Agosti 2020 mahakama kuu ya kazi ikaipa haki dada mwengine aliyenyimwa ualimu Berlin, akalipwa fidia ya yuro 5,159. Serikali ya jimbo la Berlin ikalalamika kwa Mahakama ya Katiba, na mwaka 2023 lalamiko hilo likakataliwa.

Na Fereshta? Kazi aliyoiomba Stuttgart hakuipata. Mwaka 2015, mwaka ule ule wa hukumu, alitoa kitabu cha maisha yake. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye angemfundisha kusoma mwaka 1998, wakati huo alikuwa ni mtu mzima, ashamaliza hata chuo.