Pesa Hadharani, Siri Kapuni



Wenzetu wameeleza katika kurasa nyingine za kijitabu hiki habari za hisa, mikopo na miradi. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia tumechagua jambo lisiloonekana kwenye hesabu za mwisho wa mwaka, nalo ni namna siri za wanachama zilivyotunzwa. Vikundi vingi hapa mjini tumeviona vikizaliwa, na vingine tumevizika. Pesa huibwa, ni kweli, lakini vilivyokufa kwa midomo ni vingi zaidi ya vilivyokufa kwa wizi.

Tuanze mbali kidogo. Mtindo huu wa sanduku haukuanzia Babati. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE pamoja na akina mama wa huko, ambao vikundi vyao viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Basi hesabu zilikaa kichwani: kila mmoja alikumbuka ya kwake, na wenzake wakamsaidia kukumbuka. Kwa hiyo ilibidi kila shilingi, au tuseme kila faranga, ihesabiwe mbele ya macho yote na kutajwa kwa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo ulifika kwetu, Zanzibar na bara, na huku bara ukazoeleka kwa jina la VICOBA.

Kabla ya hapo mama zetu walicheza upatu. Upatu una kijumbe, na kijumbe ndiye anayejua nani katoa, nani hajatoa, na zamu ni ya nani. Siri ilikuwa kubwa sana, maana aliyejua yote ni mtu mmoja. Lakini kijumbe akihama mji, na pesa zinahama naye! Sanduku lenye kufuli tatu lilikuja kuiponya hasara hiyo. Sanduku linakaa kwa mmoja, funguo kwa watatu wengine, na halifunguliwi ila katika duara. Hakuna wa kumwibia mwenzake gizani, kwa sababu giza lenyewe halipo.

Sasa jamani, hapo ndipo ugumu wetu ulipoanzia. Uwazi unaolinda pesa ndio huohuo unaomvua mtu nguo. Mwanachama akitaka mkopo husimama akataja kiasi na kazi ya mkopo huo. Akisema, "Naomba ya ada, baba watoto hajatuma," amekwisha kutaja mambo mawili, na la pili halikuwa la kikundi. Na mji wetu mnaujua. Babati ni makao makuu ya mkoa tangu Manyara ilipozaliwa kutoka Arusha mwaka 2002, magari ya Arusha, Singida na Dodoma yanapishana hapa usiku na mchana, lakini kwa habari za watu bado ni kijiji. Ukikohoa Bagara, Maisaka wanakupa pole.

Tukumbuke pia kwamba akina mama wa pande hizi kukaa kikao chao wenyewe si jambo la kuletewa na mradi. Wabarabaig, jirani zetu wa Hanang, walikuwa na baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo mwanaanthropolojia George Klima aliliandika katika miaka ya 1960. Baraza hilo liliweza kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe akivunja haki ya mwanamke. Si sanduku la hisa, la hasha, lakini ni kikao chenye mamlaka juu ya maneno yake, na tunapenda kulikumbuka kila mtu anapotuambia kwamba wanawake wakikaa pamoja kazi yao ni umbea tu.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja mwaka 2017, mwaka wa mbaazi. Wengi wetu tulikuwa tumekopa kulima na kununua mbaazi, kwa kuwa miaka iliyotangulia soko la India lilikuwa zuri. Agosti mwaka huo Serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ikaporomoka. Magunia yakalala majumbani, marejesho yakasimama, na katika duara watu wakaanza kutazamana.

Ndipo likaja pendekezo kwamba majina ya wadaiwa yabandikwe ukutani pale sokoni, watu waone haya walipe. Lingine lilikuwa twende nyumba kwa nyumba tukatoe vyombo. Tusiyachekee mapendekezo hayo. Waliyoyatoa walikuwa na hoja, kwani hisa zao zilikuwa ndani ya magunia ya watu wengine na watoto wao nao walihitaji ada. Mabishano yalichukua vikao vitatu. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyegeuza upepo. Alisema, kwa maneno yake ya polepole, kwamba mtu akishatangazwa sokoni hana tena cha kuogopa, na asiye na cha kuogopa halipi. Tena nani atamnunulia nyanya mdaiwa? Mnamfunga mikono halafu mnamwambia achote.

Uamuzi uliofikiwa ndio tunaoutumia mpaka leo. Deni linasomwa ndani ya duara, wote walisikie, kwa namba ya mwanachama na si kwa jina. (Namba tunazijua wote, ni kweli, lakini mtoto anayepita na ndoo ya maji hazijui.) Wadhamini wake ndio wanaomfuata nyumbani, tena wawili tu, na wakifika hawasemi lililowaleta mpaka wamebaki naye peke yake. Marejesho yaliongezewa muda hadi baada ya mavuno ya mahindi. Atakayelitoa deni la mwenzake nje analipa faini, na akirudia, kikao kinajadili uanachama wake. Faini hiyo ipo kwenye katiba yetu karibu na faini ya kuchelewa, na ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali.

Jambo la pili ni la waume. Tulizungumze kwa adabu, maana baadhi yao wanasoma kijitabu hiki na wengine wametuchangia soda za sherehe. Mara kadhaa mume amefika kwa mweka hazina akiuliza, "Mke wangu ana kiasi gani humo?" Jibu letu ni moja: "Shemeji, karibu chai, lakini hilo kamuulize mwenyewe." Wapo walioondoka wamenuna. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema waziwazi kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitumia, na kwamba ndoa peke yake haiihamishi mali ya mmoja kwenda kwa mwingine. Ikumbukwe vilevile upande wa pili. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango wake katika mali ya familia. Mchango ukihesabiwa huku, hata hisa za mwanachama zinaweza kuulizwa mahakamani siku ndoa ikivunjika. Mahakama ikiuliza kwa utaratibu wake, tutajibu. Shemeji akiuliza njiani, hatujibu. Na hatumfundishi mtu kumficha mwenzake; kumwambia au kutomwambia ni hiari ya mwenye hisa.

Mfuko wa jamii ndio uliokuwa na siri nzito kuliko zote, kwa sababu anayeuomba huwa yuko kwenye shida. Mtu anaumwa, anataka nauli ya kwenda hospitali ya rufaa. Je, ataje ugonjwa? Wengine walisema lazima, la sivyo mfuko utaliwa. Baada ya kujadiliana tuliona inatosha aseme "ugonjwa", kisha karatasi ya hospitali aione mwenyekiti na mjumbe mmoja, wamrudishie papo hapo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inakataza kutoa habari za vipimo vya mtu bila ridhaa yake. Wapo wanachama waliotuambia baadaye kwamba bila utaratibu huo wasingeuomba mfuko hata kama wangekufa. Hatutasema zaidi ya hapo.

Halafu simu. Vijana wetu walitushauri hesabu za mwezi zitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Wazo zuri, ila simu ya mama wa Babati si ya mama peke yake. Mtoto anaichezea, inachajiwa dukani, shemeji anaipekua. Kwa hiyo kwenye kundi tunatuma jumla tu: fedha zilizomo, mikopo iliyo nje, tarehe ya kikao. Picha ya ukurasa wa daftari hairuhusiwi.

Hekima ya uamuzi huo ilionekana pale mwenzetu mmoja alipokopa kwa mkopeshaji wa kwenye simu, wale ambao mitaani wanaitwa kausha damu. Alipochelewa siku chache, ujumbe wa kumwita tapeli uliingia kwenye simu za ndugu zake, wateja wake, mpaka mwalimu wa mtoto wake. Nasi tuliupata. Tulimchangia akalipa, na katika duara halikutajwa hata mara moja. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Aliyefedheheshwa kwa wateja wake, hata hivyo, haponi kwa tangazo.

Kwa upande wa sheria, mambo yamebadilika sana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi kama chetu visajiliwe, kwa hiyo majina ya wanachama yapo halmashauri, na hilo hatuwezi wala hatutaki kulikwepa. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: usikusanye habari za mtu kuliko unazohitaji, wala usizitumie kwa kazi ambayo hakuambiwa. Tulipoisoma tulicheka kidogo. Ilikuwa kama mtu ametusikiliza dirishani mwaka ule wa mbaazi!

Liko jambo moja tusilolifichia siri, na kila mwanachama mpya huambiwa siku ya kwanza. Mtoto akiteswa, hatunyamazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa. Mara moja tulilazimika kufanya hivyo, na iligharimu uhusiano wa watu wawili ambao mpaka leo haujarudi vizuri. Mtoto huyo sasa anasoma sekondari.

Limebaki suala la daftari za zamani. Ziko ndani ya debe, nyumbani kwa katibu, zikiwa na majina kamili, madeni yote ya mwaka 2017 na sababu za kila aliyeomba mfuko kabla ya utaratibu mpya. Kuna wanaotaka zichomwe, kwa kuwa mizunguko hiyo ilikwisha kugawanwa na hakuna anayedai. Kuna wanaosema ndizo historia yetu, na siku mwanachama akidai kuwa hisa zake zilipunjwa tutamwonyesha nini? Wengine wanataka majina yapakwe wino na tarakimu zibaki. Ajenda hiyo ni ya pili katika mkutano mkuu baada ya sherehe, na kila mwanachama aje na maoni yake. Ufunguo wa debe hilo, kwa sasa, anao mtu asiyekaa nyumba moja na debe.