Kutoka karatasi ya Schönbein hadi miale ya leza

Msikilizaji, yeyote aliyewahi kusimama karibu na mashine ya umeme inayotoa cheche anaijua ile harufu kali. Mwaka 1839, mjini Basel nchini Uswisi, profesa wa kemia Christian Friedrich Schönbein alieleza kwamba harufu hiyo ina kiini chake, na mwaka uliofuata akakiita ozoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka.

Kukipa jina kulikuwa rahisi kuliko kukipima. Schönbein alichovya karatasi katika wanga na iodidi ya potasiamu. Ikiguswa na ozoni hugeuka buluu, na rangi ikalinganishwa na vipimo vya 0 hadi 10. Karatasi hizo zilienea katika vituo vya hali ya hewa barani Ulaya, lakini zilikuwa shahidi wa kutiliwa shaka. Unyevu uliibadili rangi, na oksidi za naitrojeni nazo ziliweza kuigeuza buluu vilevile. Mpimaji aliona kwamba kuna kitu. Ni kitu gani hasa, na kwa kiasi gani, hakuweza kuapa.

Shaka hiyo imerudi kwa sura mpya. Siku hizi gesi ya heli au agoni hupitishwa katika mrija mwembamba na kuwashwa kwa umeme, ukatoka ulimi wa mwanga usiounguza kidole. Hiyo ni plazma, jina lililotolewa na Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928. Nchini Ujerumani imetumiwa kutibu vidonda sugu. Ozoni, atomi za oksijeni na jamaa zake huua bakteria, ila zikizidi hudhuru ngozi ile ile inayotibiwa. Daktari anahitaji idadi, si rangi.

Ozoni hupimwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, kwa kutazama umemezwa kiasi gani. Atomi ya oksijeni ni mkaidi zaidi. Hupigwa kwa leza ya takriban nanomita 226, ikameza fotoni mbili kwa pamoja, kisha ikatarajiwa kung'aa. Lakini katika kanieneo ya kawaida ya hewa, kila chembe hugongana na nyingine mabilioni ya mara kwa sekunde, na nyingi hupokonywa nishati kabla ya kung'aa. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen walichapisha vipimo vilivyouhesabu upotevu huo na kulinganishwa na gesi ya zenoni.

Bado kila maabara ilikuwa na mrija wake. Mwaka 2016 tu ndipo watafiti wa Ulaya walipochapisha muundo wa mrija mmoja wa marejeo, ili tarakimu za maabara moja ziweze kuwekwa kando ya za nyingine.