Cheti cha Uaminifu: Jirani na Haki ya Kura Nyeri, 1957

Katika eneo la Nyeri, Kenya ya kati, haki ya mtu mbele ya dola imepita kwa muda mrefu mikononi mwa watu wanaomjua kwa jina. Kabla ya ukoloni, Mkikuyu alitambulika kwa mbari yake, yaani ukoo wa waliotokana na babu mmoja na kumiliki kwa pamoja ardhi iliyoitwa githaka, huku muhoi, mgeni aliyepewa mahali pa kulima pasipo kuwa pake, akiishi kwa hisani ya wenyeji. Chini ya ukoloni, kipande, hati ya alama za vidole na kumbukumbu za ajira iliyowekwa na sheria ya mwaka 1915, kilimtambulisha mwanamume Mwafrika kuwa kibarua tu, wala hakikumpa haki yoyote ya kushiriki katika utawala.

Kutegemea neno la jirani kulizidi wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, uasi wa kupinga ukoloni. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, zaidi ya watu milioni 1 wa Nyeri, Kiambu, Murang'a na Embu walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa na homugadi, yaani askari wa mgambo waliosimama upande wa serikali, na kwa hiyo watu waliokuwa wametawanyika kwenye migongo ya vilima wakawa wanaishi chini ya macho ya jirani aliyeweza kuwatetea au kuwaangamiza kwa neno moja.

Neno hilo ndilo lililogeuzwa kuwa haki ya kisiasa. Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Machi 1957, mpiga kura kokote nchini alipimwa kwa elimu, mapato, mali au utumishi, na aliyetimiza sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura 3. Lakini Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walidaiwa pia cheti cha uaminifu, hati iliyothibitisha kwamba mwenyewe aliisaidia serikali dhidi ya Mau Mau, na ambayo haikupatikana bila kukubaliwa na machifu na wafuasi wa serikali wa mahali alipoishi. Meru, ambako vita havikuwa vikali kama Nyeri, ilikuwa na sehemu kubwa ya wapiga kura wenye cheti hicho, na hivyo Bernard Mate wa huko akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo mwaka 1944.

Dhuluma iliyodumu zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya ardhi. Kamati za wenyeji ziliunganisha vipande vya mashamba na kuamua mipaka wakati wanaume wengi walioshukiwa kuwa Mau Mau wangali kizuizini, na sheria ya mwaka 1957 ikasimamisha kesi za ardhi katika maeneo ya uunganishaji huo, hivyo aliyerudi na kukuta shamba lake limeandikwa kwa mwingine hakuwa na mahakama ya kumsikiliza.

Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 uliufanya uraia utokane na kuzaliwa, wala si na ushahidi wa homugadi. Marufuku dhidi ya Mau Mau, hata hivyo, iliondolewa mwaka 2003 tu, na baadhi ya vijiji vya ukoloni Nyeri vimeendelea kukaliwa na familia zisizo na shamba kwingine, ambazo madai yao ya hatimiliki yamerithiwa kutoka kizazi hadi kizazi.