Kuingia kwa Mbali katika Kompyuta ya Ofisini Iliyojiloki au Inayotumika

Kuingia kwa mbali ni kuiendesha kompyuta kupitia mtandao, mwendeshaji akiwa na skrini, kibodi na kipanya mahali pengine. Kitendo hiki hutofautiana na kuchukua mafaili kwenye seva. Anayechukua faili hulifungua katika kompyuta aliyonayo, ilhali anayeingia kwa mbali huziendesha programu hukohuko ofisini. Kinachosafiri ni picha ya skrini, mibonyezo ya kibodi na mwendo wa kipanya. Maelezo yanayofuata yanahusu kompyuta za Windows, zilizoenea zaidi katika meza za ofisi.

Msemo wa maofisini “kompyuta imefungwa” hubeba hali nne zisizolingana, na kuzichanganya ndicho chanzo cha majaribio mengi yanayokwama. Iliyozimwa haina programu hata moja inayokwenda. Iliyolala imeihifadhi kazi kwenye kumbukumbu lakini kichakataji kimesimama. Nyingine imewaka, ila hakuna mtumiaji aliyeingia. Iliyojiloki iko hai kabisa: mhasibu aliyebonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kabla ya kwenda kula ameliacha jedwali lake wazi, printa inaendelea kutoa karatasi, barua pepe zinaingia. Kilichofungwa ni kipindi chake, si mashine. Kipindi ni jumla ya programu, madirisha na haki za mtumiaji mmoja tangu aingie hadi atoke, na kompyuta moja yaweza kubeba vipindi kadhaa, kila kimoja na namba yake.

Mbinu za kuingia kwa mbali zina asili mbili. Ya kwanza ni ya kioo: programu huinakili skrini halisi na kuituma kama ilivyo. Mfano wake mkongwe ni VNC, iliyotoka katika maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, na kutolewa bure mwaka 1998. Aliyeketi mezani na aliye mbali huona kitu kimoja na kishale kimoja, na wakishika vipanya kwa pamoja huvutana. Ya pili ni ya kipindi: RDP ya Microsoft, iliyoanza mwaka huohuo wa 1998 katika Windows NT 4.0 ya Terminal Server, ikafika katika kompyuta za kawaida kwa Windows XP Professional mwaka 2001. Hii haiigi skrini ya mezani, bali hukihamishia kipindi chenyewe kwa aliye mbali, kwa ukubwa wa dirisha lake. Matoleo ya Home hayapokei wageni wa RDP. Huweza tu kuwa upande unaoita.

Kwa RDP, loki si kizuizi. Nywila inayofungua skrini ndiyo inayofungua njia ya mbali. Mwenye kipindi hukikuta alivyokiacha, na skrini ya ofisini hubaki na ukurasa wa loki, wapitao wasione kitu. Kwa programu za kioo mambo ni mengine. Windows ina eneokazi la kawaida linalobeba madirisha, na eneokazi lililotengwa liitwalo Winlogon, linalobeba ukurasa wa loki na lile dirisha linaloomba idhini ya msimamizi. Programu iliyowashwa na mtumiaji wa kawaida haiwezi kulitazama hilo la pili. Kompyuta ikijiloki, aliye mbali huachwa na skrini nyeusi au picha iliyoganda, akadhani mtandao umekatika. Dawa ni kuisakinisha programu kama huduma ya mfumo, inayoanza pamoja na Windows kabla ya mtu yeyote kuingia. Hata vitufe vina kanuni yake: Ctrl+Alt+Delete hukamatwa na kompyuta iliyo mbele ya mwendeshaji, kwa hiyo RDP hutumia Ctrl+Alt+End badala yake.

Kompyuta inayotumika na mtu mwingine huleta suala la zamu. Windows Pro na Enterprise huruhusu kipindi kimoja tu kiwe mbele kwa wakati mmoja. Mwenye akaunti nyingine akiita kwa RDP, aliyeketi mezani huona ujumbe wenye jina la anayeita na hupewa sekunde 30 za kukubali au kukataa. Akinyamaza, kipindi chake hukatwa. Kukatwa si kutolewa: programu zake hubaki wazi hadi atakaporudi. Seva za Windows huruhusu vipindi viwili vya usimamizi kwa pamoja, na zaidi ya hapo hutakiwa leseni za ziada. Ikiwa nia ni kumsaidia mtumiaji bila kumwondoa, njia sahihi ni kukitazama kipindi chake akiwemo, uwezo ambao Microsoft iliuondoa katika Windows Server 2012 na kuurudisha katika 2012 R2. Kwa kawaida mtazamwaji huombwa ridhaa. Msimamizi anaweza kuiondoa hatua hiyo katika mipangilio, lakini ofisi inayoheshimu watu wake huiacha.

Faili nalo huweza kuwa “linatumika”. Jedwali bajeti.xlsx likiwa wazi katika kipindi kilichojiloki, kando yake katika folda hukaa faili dogo lililofichwa, ~$bajeti.xlsx, lenye jina la aliyelifungua. Mwingine akilifungua huambiwa limeshikwa, naye hupewa la kusoma tu.

Kompyuta iliyolala au kuzimwa huamshwa kwa pakiti maalumu: baiti 6 za FF, kisha anwani ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16, jumla baiti 102. Kadi yenyewe hubaki na umeme kidogo ikiisubiri. Pakiti hiyo kwa kawaida haivuki ruta, hivyo hutumwa na kifaa kilichomo ndani ya ofisi. BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, huwa na kipengele cha kuiwasha mashine yenyewe umeme unaporudi baada ya kukatika. Penye umeme wa kukatikakatika hicho hufaa kuliko vingine vyote. Diski iliyofungwa kwa BitLocker yenye PIN, hata hivyo, husimama kabla Windows haijaanza, na RDP haiwezi kufika hapo.

RDP husikiliza kwenye poti 3389. Kuiacha poti hiyo wazi kwa intaneti nzima ni kosa: udhaifu wa BlueKeep, uliotangazwa Mei 2019, uliwezesha kuivamia mashine bila nywila. Njia bora ni kupita kwanza kwenye VPN, yaani njia iliyosimbwa inayomwingiza mtu katika mtandao wa ofisi. Programu kama TeamViewer na AnyDesk hukutanisha pande mbili kupitia seva za kati, na ruta ya ofisi haihitaji kufunguliwa.

Kisheria, ruhusa ya kuingia ina mwisho wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 hutenga kosa la kuingia bila haki na kosa la kubaki ndani baada ya muda wa ruhusa kwisha. Vipindi vilivyosahauliwa huonekana kwa amri quser, inayoorodhesha jina, namba ya kipindi, hali yake na muda uliopita bila kuguswa. Amri logoff ikifuatwa na namba hiyo hukifunga, na kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea.