Chenga za Chekereni

Historia ya mpunga wa Chekereni imeandikwa kwa hekta na tani. Eneo lililochimbwa mifereji linajulikana, mavuno yanajulikana, na mwaka wa kukamilika kwa mradi unajulikana. Hesabu hizo huishia pale mchele unapoingia kwenye gunia na gunia likashonwa mdomo. Mimi nataka kuanzia hapo, na kile kinachobaki chini ya mashine ya kukobolea: chenga.

Kila anayekoboa mpunga wake anazijua. Mashine ikipiga, punje nyingine hutoka nzima na nyingine hukatika. Nzima ndizo zenye bei, basi zinakwenda sokoni. Chenga zinarudi nyumbani kwenye kiroba kidogo, na kiroba hicho ni cha mama. Atapika uji wa watoto, kidogo atawatupia kuku, na akipata nazi na sukari atapika vitumbua. Kwa hiyo kitafunwa cha mtoto wa hapa hakikutokana na ule mchele uliohesabiwa. Kimetokana na salio lake.

Huwa napika vitumbua na mtoto wa dada yangu, ana miaka 5. Kazi yake ya kwanza ni kuchambua. Tunamwaga chenga kwenye ungo, anatoa vijiwe na punje zenye maganda, na mdomo wake haufungi hata kidogo. Siku moja akaniuliza: "Mamdogo, bibi alipokuwa mdogo alikuwa anakula vitumbua asubuhi?"

"Hapana. Alikuwa anakula ndizi."

"Kila siku?"

Karibu kila siku. Huko juu migombani kitafunwa cha mtoto kilikuwa ndizi ya kuchoma, gimbi, kiazi kitamu au kipande cha muwa. Wali ulikuwa chakula cha Krismasi, Pasaka, Idi na harusi. Huku tambarare walikotelemka wengi kutafuta ardhi, wakaishi pamoja na Wakahe, Wapare na wengine, chakula kikubwa kilikuwa mahindi na maharage. Mvua za huku si za kutegemea. Maji ya mlimani yalikuwa yakigawanywa kwa mifongo, ile mifereji ya Wachagga ambayo wageni wa karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi, lakini mengi yalitumika hukohuko juu. Mpunga ulikuwepo huku chini, ila kwa eneo dogo na mavuno haba.

Mambo yaligeuka na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada na mkopo wa Ujapani na kukamilika mwaka 1987. Maji yalichukuliwa kwenye mito ya Rau na Njoro, yakaongozwa kwa mifereji hadi Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Hekta zipatazo 1,100 zilisawazishwa zikawa majaruba. Wakulima walipewa mbegu fupi ya IR54, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa mpunga cha Ufilipino, wakafundishwa kupanda kwa mistari. Mavuno yalipanda kutoka tani 2 hivi kwa hekta hadi tani 6 na zaidi. Mwaka 1994 hapahapa Chekereni kikaanza chuo cha mafunzo ya kilimo, ambacho watu wanakiita KATC, na wakulima wa skimu za mikoa mingine wakawa wanakuja kujifunza mpunga chini ya Kilimanjaro.

Basi mashine za kukobolea zikaongezeka, na chenga nazo.

Kitumbua chenyewe hakikuzaliwa hapa. Ni mtu wa pwani, tena mwenye ndugu ng'ambo. Chuma chake chenye vishimo kina wenzake pande zote za Bahari ya Hindi: India ya kusini wanapika paniyaram na unniyappam, Madagaska wanapika mofo gasy, na zote hizo ni rojo la mchele linalomiminwa kwenye vishimo vya moto. Kutoka pwani kuja kwetu njia ilifunguka zaidi reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911. Mpaka leo nazi zinatoka pwani, na hiliki inalimwa kwenye milima ya Usambara ya Mashariki.

Sukari ipo jirani kabisa. Mashamba ya miwa ya TPC, Arusha Chini, yalianzishwa mwaka 1930 na kampuni ya Mdenmark A.P. Møller, na baadaye yakawa mali ya serikali. Lakini kuona muwa si kupata sukari. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wanakumbuka foleni za maduka ya kaya na sukari ya kupimiwa. Moshi wa kiwanda unauona, chai unakunywa kavu. Kwa hiyo mpaka chenga, nazi, hiliki na sukari vikutane jikoni kwa mtu wa kawaida wa Chekereni, siku isiyo sikukuu, ilibidi tufike mwishoni mwa miaka ya 1980. Kitumbua anachokiona mtoto huyu kama kitu cha tangu enzi, kwenye meza yetu kina umri wa kumzidi mama yake kidogo tu.

Upishi wenyewe mnaujua. Chenga vikombe 2 zinalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi tunazisaga na tui zito la nazi moja, tunatia sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na hiliki. Mtoto anatwanga hiliki, anakoroga, halafu anafunika bakuli. Kusubiri rojo liumuke ndiyo sehemu ngumu kwake. Atafunua mara kumi. Moto na mafuta ni vyangu mimi. Yeye anakaa mbali na jiko na kazi yake ni kuhesabu vinavyotoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mpunga ulipoonekana kuwa na pesa, wakulima wa juu, nje ya mradi, nao wakaanza kuulima kwa maji ya mito hiyohiyo. Huwezi kuwalaumu, nao wana watoto, na maji yanapita mlangoni kwao. Lakini Chekereni ipo mbali na mabanio. Maji yakipungua, aliye mwishoni mwa mfereji ndiye wa kwanza kukosa. Eneo linalolimwa mpunga kwa msimu likashuka chini ya lile lililopangwa, zamu za maji zikawa chanzo cha ugomvi, na jaruba nyingine zikarudi kwenye mahindi. Waswahili husema usinitilie mchanga kitumbua changu. Kwetu msemo huo hauna mafumbo yoyote.

Zamu isipofika, mchele haupotei mezani. Dukani upo, umetoka Mbeya au Shinyanga, ukiwa na pesa unanunua. Kinachopotea ni chenga. Anayenunua mchele kwa kilo hapewi kiroba cha kurudi nacho nyumbani. Chenga ni za aliyekoboa wake. Hapo ndipo biskuti ya pakiti inapoingia, kwa sababu kutumia mchele wa bei kamili kupika vitumbua vya mtoto ni anasa. Takwimu za mkoa hazitaonyesha kitu, maana tani zinazoingia zinaweza kufidia zinazokosekana. Ila mtoto atakuwa amepoteza ungo wa kuchambulia, bakuli la kufunua mara kumi, na maswali yanayokuja mikono ikiwa na kazi.

Ndiyo maana naona chenga zinastahili nafasi kwenye historia ya mradi huu. Hekta zinaonyesha maji yalifika wapi. Chenga zinaonyesha yalifika kwa nani. Mtoto wa miaka 5 haelewi hekta, lakini hili analielewa. Nilipomweleza kwamba mchele wake umekunywa maji ya mlimani, alitazama bakuli, akauliza kama wale wa juu nao wanapika vitumbua. Nikamwambia wanapika. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wagawane."