Kutoka Ndera Hadi Mudugudu: Historia ya Tiba ya Akili Nchini Rwanda

Richard Kandt, Mjerumani anayetajwa kuwa mwasisi wa jiji la Kigali, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kabla ya kuja Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile alikuwa amewatibu wagonjwa wa akili kwao Ujerumani. Mwaka 1907 alijenga kituo chake hapa Nyarugenge, akiwa mwakilishi wa serikali ya kikoloni. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Jiji letu, basi, lilianzishwa na daktari wa akili, kisha likakaa miaka 65 bila hospitali ya akili.

Wakati wa Kandt, Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Koloni hilo kubwa lilikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1904. Waingereza nao walifungua Mathari, Nairobi, mwaka 1910, na Butabika, Kampala, mwaka 1955. Hakuna aliyefikiria kumbeba mgonjwa kutoka Kigali hadi Usambara. Mgonjwa alibaki kwao. Ndugu walimpeleka kwa abapfumu, yaani waganga na wapiga ramli, au walitambikia wazimu wa ukoo waliodhaniwa kuwa wamekasirika. Sitaki kuidharau tiba hiyo kama wafanyavyo baadhi ya wenzangu darasani. Haikuwa na dawa ya kifafa, wala haikuweza kutuliza wazimu mkali, lakini haikumtenga mtu na watu wake.

Hospitali ya Ndera ilianzishwa kwa makubaliano ya mwaka 1968 kati ya serikali na shirika la Mabruda wa Upendo, lenye asili yake Ubelgiji, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Iko mashariki mwa jiji, wilayani Gasabo, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa hospitali ya akili ya nchi nzima. Mtu wa Cyangugu aliyeanza kusikia sauti zisizosikika na wengine alipelekwa Ndera. Mtoto wa Byumba mwenye kifafa, Ndera vilevile.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyekulia Rwanda. Jina la hospitali likageuka tusi. Shuleni kwetu, mwanafunzi akicheka peke yake aliambiwa, “Wewe ni wa Ndera.” Nilipoanza kusoma Kiswahili na kukutana na wenzangu wa nchi jirani, niligundua kwamba tusi hilo lina ndugu kila mahali. Mkenya husema Mathare, Mtanzania husema Milembe akimaanisha hospitali ya Mirembe kule Dodoma, Mganda husema Butabika. Nchi nne, na katika zote jina la mahali pa kuponea limekuwa jina la kuaibishia. Naona jambo hili lina uzito katika historia ya tiba sawa na idadi ya vitanda. Hospitali ikiwa moja tu, tena ya mbali, mtu hufikishwa huko akiwa ameshazidiwa, mara nyingine amefungwa kamba, na majirani hukumbuka kamba kuliko nafuu aliyorudi nayo.

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi walikimbilia Ndera wakidhani ukuta wa hospitali ungewalinda. Wanajeshi wa kigeni walikuja, wakawaondoa Wazungu, wakawaacha wengine. Baada ya hapo wauaji waliingia. Mahali palipojengwa kutibu akili pakawa kaburi, na leo ni miongoni mwa sehemu za kumbukumbu.

Mauaji yalipokwisha mwezi wa Julai, nchi ilikuwa na mamilioni ya watu walioona yasiyosemeka, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na daktari bingwa mmoja tu wa magonjwa ya akili, Dkt. Naasson Munyandamutsa. Alikuwa Uswisi wakati wa mauaji. Jamaa zake wengi waliuawa. Angeweza kubaki Geneva na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alirudi, akafanya kazi Ndera, akafundisha wengine, akaendelea hadi alipofariki mwaka 2016.

Daktari mmoja hawezi kutibu taifa, hata akikesha. Kwa hiyo uamuzi uliochukuliwa miaka hiyo ndio ninaoona kuwa kiini cha historia hii. Sera ya taifa ya afya ya akili ilitolewa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji, wakati hata umeme ulikuwa wa shida, na ilielekeza huduma ziingizwe katika hospitali na vituo vya kawaida. Badala ya kungoja madaktari bingwa, ambao kusomesha mmoja huchukua zaidi ya miaka kumi, nchi ilianza na wauguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chuo cha afya cha Kigali, KHI, kilianza kufundisha wauguzi wa magonjwa ya akili, na Chuo Kikuu cha Butare kikafungua masomo ya saikolojia ya tiba. Wahitimu hao walipelekwa katika hospitali za wilaya. Madaktari bingwa waliosomea humu nchini walikuja baadaye sana.

Pamoja na hayo yalihitajika maneno. Kinyarwanda hakikuwa na jina la ugonjwa uliokuwa ukiwaangusha watu kila Aprili katika mikutano ya kumbukumbu: mtu anapiga yowe, anakimbia, anaona wauaji mahali ambapo hapana mtu. Watu wenyewe wakalipata. Walichukua kitenzi guhahamuka, yaani kuhangaika kwa hofu hadi pumzi ikatike, wakasema mtu ana ihahamuka. Kwa Kiswahili tunasema kiwewe, lakini kiwewe hakina pumzi ndani yake. Huzuni inayomlemea mtu mpaka ashindwe kuinuka, ambayo Waswahili huiita sonona, ikaitwa agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Mgonjwa anayeweza kulitaja tatizo lake bila kujiita kichaa amekwisha kufungua mlango nusu.

Baada ya wilaya ilikuwa zamu ya vituo vya afya. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Burera, kaskazini, mpakani na Uganda. Huko shirika la Inshuti Mu Buzima, pamoja na Wizara ya Afya, lilianza kuwafundisha wauguzi wa kawaida wa vituo kutibu kifafa, sonona na wazimu, na muuguzi mzoefu wa akili akawa anawatembelea kituoni, anakaa nao wakimpima mgonjwa, anawasahihisha papo hapo. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini piga hesabu ya safari ya zamani: kutoka Burera kwa basi hadi Musanze, kutoka Musanze hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, halafu kuvuka jiji zima hadi Ndera, nauli ya mgonjwa pamoja na ya ndugu wawili wa kumshika, na mwezi unaofuata ni yaleyale, kwa kuwa dawa za kifafa hazikatizwi. Wengi walikwenda mara moja wasirudi tena. Dawa ileile ikipatikana kituoni kwa bima ya Mutuelle, mtu huenda kwa miguu na kurudi shambani kabla ya jua kali.

Ngazi ya mwisho ni mudugudu. Shangazi yangu ni mshauri wa afya, mmoja wa makumi ya maelfu waliochaguliwa na majirani zao nchini kote. Anapima malaria ya watoto, anafuatilia wajawazito, na siku hizi anatakiwa pia kumtambua mwenye shida ya akili na kumpeleka kituoni. Nilimwuliza lipi ni gumu zaidi. Akanijibu, “Malaria huja yenyewe mlangoni kwangu. Haya mengine lazima niyafuate, na nikiyafikia nayakuta yamefungiwa chumbani.” Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuna methali inayosema kinyume chake, kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na wanaume wetu wameitii mno.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Kila Aprili alikuwa akijifungia wiki nzima, na sisi watoto tuliambiwa kwamba anaumwa malaria. Kutoka kwake hadi kituo cha afya ni mwendo wa dakika ishirini. Hakwenda.

Takwimu zinaonyesha kwamba hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta kuwa mtu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 20.5, alikuwa na tatizo moja au zaidi la akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ilikuwa asilimia 52.2. Asilimia 61.7 ya watu walijua mahali pa kupata msaada, lakini waliowahi kuzitumia huduma hizo walikuwa asilimia 5.3 tu. Huwezi kusema tena kwamba tatizo ni umbali, maana hospitali ya wilaya ipo, kituo kipo, bima ipo. Kati ya 61.7 na 5.3 ndipo lilipo lile tusi la shuleni. Wanaotaka kuiga njia ya Rwanda, na wapo katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, wasiishie kuhesabu wauguzi. Waitazame na nafasi hiyo.

Mradi uliosogea karibu nayo zaidi haukuanzia hospitalini. Mwaka 2005, Byumba, dayosisi ya Anglikana ilianzisha vikundi vilivyokuja kuitwa Mvura Nkuvure, maana yake “niponye nikuponye”. Watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa mmoja, wakiwemo manusura, waliotoka gerezani, wajane na vijana, hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na tano. Hakuna koti jeupe wala faili. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana. Kumbukumbu za zamani huja mwishoni kabisa. Mpangilio huo una akili. Ukimtaka mtu aeleze ya 1994 siku ya kwanza, ya pili hatakuja.

Ni shangazi aliyemwandikisha mjomba katika kikundi kama hicho, baada ya kumbembeleza kwa miaka miwili. Wiki za mwanzo alikuwa akikaa karibu na mlango. Wiki ya tisa alimwuliza kiongozi wa kikundi kama ni kweli zipo dawa za kumsaidia mtu alale, na kama zinapatikana pale kituoni au ni mpaka Ndera.