Kutu ya Bedford

Baba mdogo alinipa habari ile kwa simu, katikati ya habari nyingine. Mvua imechelewa, mbuzi mmoja amezaa mapacha, na Jumamosi wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja kulichukua gari. Alisema "gari" kana kwamba bado linatembea. Ni lori aina ya Bedford TJ, na limesimama nyuma ya nyumba yake Buswelu tangu nikiwa darasa la tatu. Mpapai umeota mahali ilipokuwa injini.

Sikushangaa. Buswelu ya leo si ile ya zamani. Ofisi za Manispaa ya Ilemela zipo huku, viwanja vimepimwa hadi kwenye miguu ya mawe makubwa, na mtu mwenye nafasi nyuma ya nyumba anajenga vyumba vya kupangisha. Lori lilikuwa limekalia vyumba viwili.

Ilikuwa Jumanne. Siku ile ile nilichukua daladala hadi kwake, nikiwa na futi kamba, daftari na simu iliyojaa chaji. Nilitaka kulipima lote, kisha nilitengeneze upya kwa ukubwa wa moja kwa ishirini na nne, pamoja na kutu yake yote.

Kwa wasiojua mambo haya: kutengeneza magari madogo ni kazi niliyoianza kama watoto wengi wa kanda hii wanavyoianza, kwa waya uliookotwa, kopo la mafuta ya kula na magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala. Tofauti ni kwamba sikuacha. Siku hizi natumia bati jembamba, karatasi ngumu, na bomba la plastiki la maji ambalo ukilipasha moto na kulipasua linalala kama ubao. Lori la mita sita na nusu linakuwa na sentimita 27. Sehemu hiyo ni hesabu tu. Kazi iko kwenye uchakavu.

Huko nje watu wameifikiria sana kazi hiyo. John Allen wa Monterey, California, aliyekuwa na reli ndogo nyumbani kwake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona kwamba behewa dogo linalong'aa ni uongo. Kuanzia miaka ya 1940 aliyapaka yake vumbi, masizi na kutu. Miaka ya 1970 Sheperd Paine wa Chicago aliandika vijitabu vya mafunzo vilivyowekwa ndani ya maboksi ya vifaru vya Monogram, na vijana wengi wakajifunza humo kwamba kifaru kilichopigana lazima kichubuke. Kanuni zao ninazitumia hadi leo. Unapaka kwanza rangi ya kutu. Unalowanisha kidogo, unanyunyiza chumvi ya mezani pale unapotaka rangi ibanduke, kisha unapaka rangi ya gari juu yake. Ikikauka, unaipangusa chumvi, na kutu inachungulia. Wengine wanapuliza dawa ya nywele ya saluni kati ya rangi mbili, halafu wanakwangua kwa brashi yenye maji.

Mpya yeyote anajiuliza swali moja: kwa nini usitumie kutu halisi? Nami nilijaribu. Unaloweka waya wa kusugulia sufuria kwenye siki siku kadhaa, unapaka lile jimaji, na kweli chuma kinashika kutu. Lakini kutu haipungui ukubwa pamoja na gari. Chembe ya nusu milimita juu ya gari langu ni sawa na kokoto la milimita 12 juu ya lori lenyewe. Gari linaonekana limemwagiwa changarawe. Kwa hiyo kutu ya kweli kwenye gari dogo inaonekana ya bandia, na kutu ya rangi ndiyo inayoaminika. Nimeshawahi kubishana na watu usiku kucha juu ya jambo hili.

Basi nilianza kulisoma lori. Nasema kulisoma kwa sababu ndivyo ilivyo: kutu haitokei ovyo. Huanza pale maji yanapokaa, kama kwenye mfereji wa juu ya mlango, chini ya mpira wa kioo cha mbele, ndani ya madigadi ambako tope halikauki, na kwenye maungio ya mabati. Kisha hutiririka kufuata mkondo wa maji, chini, daima chini. Mtu anayepaka mchirizi wa kutu ukienda pembeni hajawahi kutazama gari bovu.

Mlango wa dereva ulikuwa na rangi tatu, moja juu ya nyingine, zilizobanduka kama maganda ya kitunguu. Juu nyeupe, kisha bluu, kisha kijani, kisha rangi nyekundu ya msingi, kisha chuma.

Kijani ndiyo ya kwanza. Vauxhall ya Uingereza ilianza kuuza Bedford TJ mwaka 1958, na zilifika Afrika Mashariki kwa wingi kwa sababu zilikuwa nyepesi kutengeneza. Fundi mwenye spana chache na subira aliweza kuliamsha. Hili lilikuwa gari la ushirika. Usukuma ilikuwa nchi ya pamba, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, lilikuwa limewapa wakulima chombo chao cha kuuzia baada ya miaka ya kulia na mizani ya wafanyabiashara. Baba mdogo alianza kama utingo mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na minane. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya pamba vijijini, kulala juu yake njiani, na kuyashusha kiwandani kabla mvua haijayakuta. Miaka mitano baadaye alishika usukani.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na pamba ikawekwa chini ya mamlaka ya zao. Gari halikubadilika rangi. "Tulibadilishiwa stakabadhi tu," alisema baba mdogo.

Halafu ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuvunja daraja la Kyaka, na serikali ikachukua malori na mabasi ya raia na mashirika kusafirisha askari na shehena. Bedford lilikwenda, na baba mdogo alikwenda nalo. Aliendesha kupitia Busisi, Geita na Biharamulo, miezi mingi, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa bado upande huu wa mpaka, amekwama kwenye tope na shehena ya unga.

Kwenye madigadi ya kushoto kuna tundu moja la mviringo, limezungukwa na duara la kutu nyeusi. Utotoni sote tulijua ni tundu la risasi. Nimewahi kuandika hivyo kwenye insha ya sekondari na kusomewa mbele ya darasa. Jumatano ile, nikiwa nalipima tundu kwa kalamu, nilimwuliza baba mdogo lilipigwa wapi.

"Lipi? Hilo? Fundi alitoboa aweke saiti mira. Akakosea mahali."

Nilicheka, lakini niliumia pia kidogo. Nilikuwa tayari nimechora kwenye daftari kingo zilizojikunja kwa ndani, kama risasi inavyofanya. Zilikuwa hazijajikunja. Nilikuwa nimechora insha yangu.

Bluu iliingia mwaka 1985, lori liliponunuliwa mnadani likiwa halitembei. Baba mdogo na rafiki yake walichanga pesa, wakapaka bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Miaka ile rangi hukuichagua. Rafiki akajitoa, na gari likabaki la familia.

Sehemu iliyonishika muda mrefu zaidi ni ya nyuma. Chesesi ya mbele, karibu na kabini, ilikuwa na kutu ya kawaida ya gari lililoachwa, kahawia, laini, ya kuparuza kwa ukucha. Kuanzia nusu ya bodi kwenda nyuma hali ilikuwa nyingine kabisa: chuma kilivimba, kikajitenga matabaka kama chapati, na mahali pengine ningeweza kupitisha kidole. Gari moja, mvua moja, jua moja. Kwa nini?

"Kayabo," alisema baba mdogo.

Sangara walipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamelijaza. Vijiji vilivyojua sato na furu vikajikuta na samaki mwenye uzito wa mtoto. Viwanda vya minofu vikaja kwa ajili ya Ulaya, na kwa ajili ya majirani zetu, hasa Kongo, kukawa na kayabo: sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Ukipita Mwaloni Kirumba utaikuta harufu yake kabla hujaiona. Ndipo lori likapakwa nyeupe na kuingia biashara ya samaki. Kayabo anaendelea kutoa maji yenye chumvi hata akiwa safarini. Maji yale yalipita kati ya mbao za bodi, safari baada ya safari, yakatua juu ya chesesi.

Watu wa pwani wanajua chumvi inavyokula chuma. Sisi wa ziwani tumezoea maji baridi, na maji baridi ni mpole: meli ya Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, imekarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, na Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kutumika tena. Lori letu halikuwahi kuona bahari, lakini lilikufa kifo cha pwani. Vitabu vya uchumi wa sangara nimevisoma viwili vitatu. Hakuna kilichonionyesha jambo hilo kama ile chesesi.

Siku ya Alhamisi sikupima kitu. Nilikaa nikichekecha udongo kwa kitambaa cha khanga chakavu, kwa sababu vumbi la gari lazima litoke mahali gari lilipo. Udongo wetu mwekundu una wekundu wa oksidi ya chuma, ndugu wa karibu kabisa wa kutu. Ukiuchanganya na rangi ya maji, huwezi kujua vumbi limeishia wapi na kutu imeanzia wapi.

Ng'ambo ya ghuba, Geita na Uzinza, Warongo walijua siri hiyo kabla ya lori lolote. Walichoma mawe yenye chuma kwa makaa, wakafua majembe, na Wasukuma wakayanunua. Jembe lilikuwa hata mahari. Magharibi ya ziwa, kwa Wahaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kuhusu tanuri za kale, zenye umri wa miaka 1500 hadi 2000, ambazo hewa yake ilipashwa moto ikipita ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa. Wazee walioijua kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele yao. Kilichokuwa kikifanyika humo ni kukitoa chuma kwenye oksijeni kwa nguvu ya moto. Mvua ya Buswelu ilikuwa ikikirudisha, bila haraka.

Ijumaa jioni nilimwonyesha baba mdogo kabini niliyoanza nayo. Nilikuwa nimeipaka usiku, kwa chumvi, rangi tatu zikichungulia mahali pake, mchirizi chini ya kioo, tundu la saiti mira bila ushujaa wowote. Nilijivunia ile kazi. Sijawahi kufanya kutu nzuri kama ile.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wazee wasomavyo barua. Akaigeuza. Akaniuliza, kwa upole:

"Mwanangu, hili ndilo utakalowaonyesha watu?"

"Ndiyo, baba."

"Waseme nilikuwa naendesha hili?"

Nilianza kumweleza juu ya rangi na historia, jinsi uchakavu unavyohifadhi yale ambayo kumbukumbu inayasahau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba gari lile aliliosha kila Jumamosi kwa miaka kumi na nne, kuanzia kwenye rimu, na kwamba utingo wake aliyeacha tope kwenye madigadi alirudi nyumbani kwa miguu. Kutu ilikuja baada ya yeye kushuka. "Hiyo uliyopaka ni historia ya kuachwa," alisema. "Mimi sikuwemo."

Sikuwa na jibu, na bado ninalitafuta. Sisi tunaopenda uchakavu tunasema unaonyesha gari lilifanya kazi. Lakini michubuko ya kazi na kutu ya kutelekezwa ni vitu viwili, na kwenye picha za mashindano tunavipigia makofi kwa pamoja. Ukingo wa bodi uliochubuliwa na magunia, pedali iliyolika upande mmoja, rangi iliyofifia pale kiwiko chake kilipokaa dirishani: hivyo vilikuwa vyake. Mpapai haukuwa wake.

Jumamosi wanunuzi walikuja saa nne, wakiwa na mizani na mitungi ya gesi ya kukatia. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri. Kabini ilikatwa vipande vinne, chesesi ya nyuma ilivunjika yenyewe walipoinyanyua. Baba mdogo alisimama karibu na mizani, akisoma kilo kwa sauti ili wasimpunje. Nilikuwa nimemwomba kijana mwenye gesi anikatie kipande cha mlango chini ya bawaba, mahali ambapo kijani haikuwahi kupigwa na jua. Alinipa bure, bado cha moto.

Kile kipande kipo mezani kwangu sasa. Ninatengeneza lori la pili, la mwaka 1974, lenye magunia juu, limeoshwa. Kijani kimenishinda. Nimechanganya mara tatu na kumpelekea baba mdogo. Ya kwanza alisema ni ya mabasi. Ya pili ni ya jeshi. Ya tatu aliitazama kwa muda mrefu, akaiweka dirishani, akaniambia nirudi kesho asubuhi, jua likiwa bado chini.